Mashine ya Kusoma Saratani na Daftari la Zahanati



Mama wa Laela anayetokwa na damu ilhali umri wake wa hedhi umekwisha, aghalabu hukaa kimya. Palizi ya mahindi inamngoja, na jambo lenyewe ni la aibu kulitamka. Akisubiri maumivu ndipo aende kituo cha afya, kisha apelekwe Sumbawanga, kisha Mbeya, na mwisho Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, huenda atawasili kwa madaktari ugonjwa umekwisha kumshinda. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipatwa na saratani ya mlango wa kizazi mwaka huo, na zaidi ya 6,000 waliuawa nayo.

Waama, adui huyu huenda polepole. Virusi vinavyoileta saratani hiyo, viitwavyo HPV, mara nyingi huondolewa na mwili wenyewe. Visipoondoka, huchukua miaka kumi, hata ishirini, kabla saratani haijakomaa. Katika muda wote huo, muuguzi mwenye taa na siki iliyopimwa aweza kuona weupe usio wa kawaida, na palipo na kifaa, kuutibu siku ile ile.

Tatizo ni jicho. Weupe huo wauguzi wawili huweza kuuangalia, mmoja akasema ni hatari na mwingine akasema si kitu. Huko Kilimanjaro wauguzi walifundishwa kupiga picha kwa simu na kuituma kwa bingwa aliye mbali, naye akawajibu. Taarifa ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 2016. Lakini mabingwa ni wachache, nao hulala usingizi kama watu wengine. Hapo ndipo lilipozuka swali: je, kompyuta yaweza kufundishwa kazi ya bingwa?

Walimu wataielewa njia yake upesi. Mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi herufi «a» kwa kuelezwa vipimo vyake. Huonyeshwa «a» nyingi, za kila mkono, mpaka aitambue mwenyewe. Mashine nayo huonyeshwa maelfu ya picha, kila moja ikiwa na jibu lake: huyu alikuwa mzima, huyu aliugua. Hukosea, husahihishwa, hurudia.

Jaribio lililo karibu nasi lilifanyika Kinondo, katika Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Kati ya mwaka 2018 na 2019 walipimwa wanawake 740 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Chembe zao zilipakwa kwenye vioo, vioo vikapigwa picha kwa mashine ndogo papo hapo hospitalini, na picha zikasafirishwa kwa mtandao wa simu ili kompyuta izisome. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika vioo vilivyotumika kuipima, hakuna hata kimoja ambacho wataalamu walikiona na dalili nzito, kikapitishwa na kompyuta kuwa ni safi. Kwenye dalili hafifu ilipiga kelele za bure mara kadhaa. Hata hivyo, kwa hospitali ya kijijini hilo si jambo dogo.

Lakini yafaa kuitazama pia Costa Rica. Huko, katika jimbo la Guanacaste, wanawake zaidi ya 9,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1993, na picha zao zikahifadhiwa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mashine iliyofundishwa kwa picha hizo iliwashinda wasomaji binadamu. Dunia ikashangilia. Baadaye watafiti wakakiri kwamba mashine ile, ikipewa picha za kamera nyingine, haikuweza kazi vile. Hata picha mbili za mama mmoja iliweza kuzipa majibu tofauti. Ilikuwa imejifunza na kamera ya darasa lake.

Hivyo basi, mashine iliyofundishwa ughaibuni haitakiwi kushushwa Laela kama gunia la mbolea, ifunguliwe na kutumiwa. Lazima ipimwe kwanza kwa akina mama wa Ufipa, kwa simu na taa zilizopo Ufipa. Na kuipima kunahitaji majibu ya kweli: nani alionekana na nini, nani alitibiwa, nani alirudi baada ya mwaka. Majibu hayo hayatoki kwenye kompyuta. Yamo katika daftari la zahanati. Safu ya matokeo ikiachwa tupu, picha ya mama huyo haimfundishi mtu wala mashine.

Liko na suala la umiliki. Kwa miaka mingi pamba iliondoka nchini ikiwa robota, ikarudi ikiwa shati la bei ya kuruka. Picha za miili ya akina mama zaweza kufuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mtumishi anayeombwa picha hizo na mgeni yeyote, hata awe na barua nzuri namna gani, anapaswa kuisoma kabla ya kutia sahihi. Mama naye aulizwe, kwa lugha anayoielewa.

Tena, mashine ikisema «huyu ana dalili», kisha pale kituoni pasiwe na kifaa cha kuzichoma dalili hizo, itakuwa imemwongezea mama hofu tu, na nauli ya kwenda Sumbawanga.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Hao wako madarasani, mbele ya walimu. Mama zao, pamoja na walimu wanawake wenyewe, wakifika miaka 30 wanatakiwa kupimwa. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, na mashine yake haijangojwa.