Maafa ya Chernobyl na Hatari ya Kuficha Kasoro



Baada ya kumhimidi Allah Mtukufu na kumswalia Mtume wake, leo tunazungumzia maafa ya Chernobyl, Ukraine, nchi iliyokuwa wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti. Huenda mtu akauliza: vinu vya nyuklia vyatuhusu nini? Vyatuhusu, kwani kiini cha maafa yale ni jambo tunalolisomesha katika mlango wa biashara: mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe.

SABABU ZAKE

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 26 Aprili 1986, wafanyakazi wa kinu namba 4 walikuwa katika jaribio. Walitaka kujua iwapo, umeme ukikatika, mtambo unaoendelea kuzunguka ungeweza kuendesha pampu za maji ya kupoza kinu mpaka jenereta za dizeli ziwake. Nguvu ya kinu ikaporomoka kupita kiasi. Badala ya kusitisha jaribio, wakachomoa takriban fimbo zote za kudhibiti ili kuipandisha, na baadhi ya kinga zilikuwa zimekwisha kuzimwa. Saa 7:23 usiku wakabonyeza kitufe cha kuzimia kinu. Nguvu haikushuka, bali ilipanda ghafla, na kinu kikalipuka.

Kwa nini? Ncha za fimbo zile zilikuwa za grafiti, kitu kile kile kilichomo katika kalamu za risasi za watoto wetu. Zilipoanza kushuka, ziliongeza nguvu kabla ya kuipunguza. Kasoro hiyo ilionekana tangu mwaka 1983 katika kinu cha Ignalina, Lithuania. Wakubwa waliijua, waliokabidhiwa kitufe hawakuelezwa hatari yake. Mwanzoni lawama walibebeshwa wao. Mwaka 1992 ndipo wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walipobainisha uzito wa kasoro za kinu chenyewe.

HATARI ZAKE

Wafanyakazi wawili walifariki siku ile ile. Wengine 28, wakiwemo wazima moto, waliuawa na mionzi katika miezi iliyofuata. Wakazi wa mji jirani wa Pripyat, karibu watu 49,000, hawakuambiwa ukweli; siku nzima watoto walicheza nje. Walihamishwa tarehe 27 kwa ahadi ya siku tatu, na hawakurejea kuishi humo. Dunia ilishtuka tarehe 28, vipimo vya kituo cha Forsmark, Uswidi, viliponasa mionzi katika viatu vya mfanyakazi.

Iodini yenye mionzi iliangukia malisho, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, nayo ikajikusanya katika tezi ya shingo. Maelfu ya waliokuwa watoto wakapata saratani ya tezi hiyo. Nusu ya iodini ile hutoweka kila baada ya siku nane. Lau wazazi wote wangeonywa mapema waache maziwa yale kwa wiki chache, wengi wangesalimika.

MAFUNZO YAKE

Kwanza, mwenye kujua kasoro hana haki ya kunyamaza ili kulinda heshima ya wakubwa.

Pili, kinga haizimwi kwa haraka ya kumaliza kazi.

Tatu, habari ya hatari ni haki ya yule itakayemfika, naye apewe mapema.

Basi tuzihasibu nafsi zetu. Fundi anayejua breki za basi ni mbovu, amemwambia dereva? Muuza dawa anayejua muda wa dawa umepita, ameiondoa? Nasi walimu, tukiona ukuta wa madrasa umepasuka, tutaendelea kuwaketisha watoto chini yake kwa kuchelea maneno ya watu?

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Wabillaahi tawfiiq.