Gari Haliwaki, Usikimbilie Betri Mpya

Corolla yako ya mwaka 1998 imelala nje. Unageuza ufunguo, inalia tk-tk-tk, kisha kimya. Kabla hujaenda dukani kununua betri, fungua boneti.

Tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye ukijani huzuia umeme kupita. Fungua hasi kwanza, halafu chanya. Sugua kwa brashi ya waya, osha kwa maji ya magadi, kausha, kisha rudisha ukianza na chanya. Fuata pia waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye bodi. Katika magari ya zamani, huyo ndiye msumbufu mkubwa, na watu humsahau.

Ukiwa na mita, pima. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa tangu jana, husoma volti 12.6 hivi. Washa injini: isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na ushei, alternata haichaji. Kagua mkanda wake kwanza, huenda umelegea tu.

Wapo mafundi wanaochomoa betri injini ikiunguruma, eti wanapima alternata. Wakatalie kwa adabu, lakini wakatalie. Volti hupanda ghafla na zinaweza kuunguza alternata au kompyuta ya gari.

Na fyuzi iliyokatika? Weka ya ampea zilezile. Ukiunga kwa karatasi ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni waya zenyewe, nyuma ya dashibodi.