Kengele, Simu, Kisha Kiti: Swichi ya Pumzi Milimani Usambara



Lushoto si mgeni wa elimu maalumu. Pale Irente ipo shule ya wasioona ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya kanisa la KKKT, na kule Magamba Chuo Kikuu cha Sebastian Kolowa kilisomesha walimu wa fani hiyo. Lakini yupo mtu ambaye hajafika Irente wala Magamba: kijana aliyeanguka mtini, au aliyetupwa na bodaboda kwenye kona za barabara ya Mombo, akavunjika shingo. Akili timamu, mikono haimtii. Yupo kitandani, nyumbani kwao.

Kwa mtu kama huyu, mwaka 1960 Reg Maling wa Uingereza alibuni mtambo wa kuendesha taipureta kwa kuvuta na kupuliza hewa. Msingi wa swichi hii ya pumzi haujabadilika. Mrija huingia mdomoni kama wa soda. Ncha ya pili ina kihisi cha kanieneo. Ukipuliza, kanieneo hupanda; ukivuta, hushuka; na kila badiliko ni amri. Si mapafu yanayohitajika hapa. Neva za kiwambo cha kupumulia hutoka kwenye ugwe mgongo, usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano ya shingo. Za mashavu na ulimi hutoka kwenye ubongo wenyewe. Ndiyo maana hata anayepumua kwa msaada wa mashine huweza kuitumia.

Picha za vifaa hivi aghalabu huonyesha kiti mwendo cha umeme: puliza kwa nguvu kiende mbele, vuta kwa nguvu kirudi nyuma, pumzi laini kikate kona. Kizuri, lakini kwa njia ya ngazi za udongo kati ya migomba kitaishia kizingitini. Mimi ningeanza kwa kuiunganisha swichi na kengele. Aliyeumia sehemu ya juu ya shingo sauti yake hufifia, na jiko la kwetu mara nyingi liko nje. Mama akiwa huko hasikii.

Kisha simu. Simu za Android zina mpangilio wa swichi: mwanga hupita kitufe kwa kitufe, nawe hupuliza ukifika unachokitaka. Ni polepole, inachosha. Lakini leo kijana huyu akitaka kutoa pesa alizotumiwa kwa M-Pesa humtajia ndugu yake namba ya siri, na baada ya hapo siri hakuna. Nusu saa ya kupuliza ni bei ndogo kwa mtu anayetaka kushika fedha zake mwenyewe.

Kazi kubwa ni matunzo. Baridi ya Julai hugeuza mvuke wa pumzi kuwa matone ndani ya mrija. Mate nayo huongezeka, na hewa haifiki kwenye kihisi. Mrija uoshwe, ukaushwe, ubadilishwe, na usichangiwe. Kule Moshi, chuo cha TATCOT hufundisha mafundi wa viti mwendo; ila waya ukikatika Mlalo, huku huku Usambara, anayeweza kufika siku hiyo ni fundi simu. Huyo ndiye ningependa akae darasani na walimu wetu wa elimu maalumu.

Nao wote wajue hili: kiwango cha kihisi kipangwe jioni, mgonjwa akiwa amechoka. Kilichopangwa asubuhi, saa mbili usiku hakitaisikia pumzi yake.