Kutu Isiyotoka kwa Sabuni
Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Gatwekera, Kibera



Najua wengine mmetoka vijijini na mnajiuliza: sisi wa ng'ombe na mahindi, rangi ya gari inatuhusu nini? Tunawaomba mvumilie kidogo. Habari hii ni ya gari, lakini pia ni ya mfuko wa kikundi, na mfuko kila kikundi kinao.

Hapa Gatwekera vijana wengi hawana kazi ya mshahara. Wengine huenda mjengo, wengine hubeba mizigo, na wengine wamejiunga pamoja wakaanza kuosha magari kando ya barabara. Mtaji wake si mkubwa: maji ya mitungi, sabuni, ndoo, vitambaa na nguvu za mikono.

Kuna kikundi kimoja cha namna hiyo tulichokuwa tukikitembelea. Siku moja mteja alileta gari jeupe lenye madoadoa ya kahawia, kama limenyunyiziwa chai. Vijana wakaliosha mara mbili. Madoa yakabaki pale pale. Basi mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akachukua waya wa kusugulia sufuria akasugua. Madoa yalitoka, ndiyo, lakini mng'aro wa rangi nao ukatoka. Mwenye gari aliporudi alisimama kimya, halafu akasema, "Vijana, hii naipeleka kwa fundi, na bili mtalipa ninyi." Akiba ya miezi mitano ikaenda kwa rangi mpya. Na katika mkutano uliofuata, wengi walitaka kijana yule afukuzwe.

Ndipo tukauliza swali moja: "Kati yenu, nani aliwahi kumwonyesha namna ya kuondoa madoa kama yale?" Hakuna aliyeinua mkono. Hata sisi hatukuinua. Tulikuwa tumewafundisha kuandika katiba, kuchagua mwekahazina na kuweka daftari, lakini kazi yenyewe inayoleta pesa hatukuwahi kuigusa. Kosa lilikuwa letu sote. Tukakubaliana twende pamoja kwa fundi tujifunze. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Madoa yale ni nini?

Ni chembe za chuma. Dereva anapofunga breki, padi na diski husuguana, na vumbi la chuma huruka likiwa moto. Fundi wa kuchomelea anapokata chuma kwa grenda, zile cheche ni vipande vya chuma. Magurudumu ya treni nayo hukwaruza reli, kama reli hii yetu ipitayo Kibera kuelekea Kisumu. Chembe hizo zikitua juu ya gari, nyingine hujidunga kwenye vanishi ya juu ya rangi. Mvua na umande zikizipata, zinashika kutu. Sabuni huondoa uchafu uliolala juu tu. Chembe iliyojidunga haiiwezi.

Na ule waya wa sufuria mara nyingi ni chuma vilevile! Ukisugua nao, unaacha vipande vyake juu ya rangi. Kijana wetu alikuwa aking'oa kutu ya zamani huku akipanda mpya.

Dawa yake

Kwenye maduka ya vipuri huuzwa dawa ambayo mafundi huiita ayani rimuva, yaani kiondoa chuma. Nyingi zina kemikali ya jamii ya tioglikolati. Akina mama wa saluni mtaitambua kwa harufu: ni ndugu ya ile dawa ya kalikiti ya kutia nywele mawimbi. Inanuka kama yai lililooza. Ikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau, na chuma kile huyeyuka kikaoshwa na maji. Mwambieni mwenye gari mapema, asije akaona maji ya zambarau yakitiririka akapiga kelele kwamba rangi ya gari inatoka.

Fuateni hatua hizi:

1. Soma maandishi ya chupa kwanza. Mara nyingi ni Kiingereza. Anayejua asome kwa sauti, wenzake wasikie.
2. Weka gari kivulini. Bodi na rimu ziwe zimepoa.
3. Liosheni kwa sabuni, mlisuuze vizuri.
4. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha juu ya rangi polepole. Ukihisi kama mchanga, kuna chembe.
5. Jaribu dawa mahali padogo pasipoonekana sana. Pakiwa salama, nyunyizia sehemu moja moja.
6. Ngoja dakika chache kama chupa isemavyo. Isikauke kamwe! Ikianza kukauka, mwaga maji.
7. Suuza kwa maji mengi, pamoja na mianya yote. Kausha, kisha paka nta, ili chembe mpya zisishike upesi.

Dawa hii si ya miujiza. Haiondoi lami wala rangi iliyomwagikia gari. Haitibu kutu iliyokula bodi kutoka ndani. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi. Msimwahidi mteja msichoweza. Afadhali kusema "hili hatuliwezi" kuliko kulipa bili.

Afya yenu

Dawa hii huwasha ngozi na macho. Vaeni glavu, fanyeni kazi mahali penye hewa, watoto wakae mbali. Usiimwage kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda! Usiichanganye na Jik wala asidi yoyote. Na tafadhali, yeyote atakayewaambia kwamba asidi ya betri au ya choo ni rahisi zaidi, msimsikilize. Itakula rangi, na itakula mikono yenu.

Maji machafu nayo yanakwenda wapi? Hapa Kibera mitaro hushuka hadi mto Ngong na bwawa la Nairobi, na hali ya bwawa lile mnaiona wenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda NEMA, na kanuni za maji zinakataza kumwaga uchafu mtoni. Msioshe magari mtoni. Ulizeni ofisi husika mahali panaporuhusiwa, na mtumie dawa pale tu penye chembe.

Hesabu

Dawa hii si ya kila gari. Tuseme chupa imenunuliwa kwa shilingi 1,500 na inatosha magari 5. Hiyo ni shilingi 300 kwa kila gari, kabla ya maji, nta na jasho lenu. Ukimtoza mteja shilingi 300 juu ya bei ya kuosha, umefanya kazi bure. Pigeni hesabu kabla ya kutaja bei, na iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Yule kijana hakufukuzwa. Leo yeye ndiye anayevaa mfuko wa plastiki mkononi na kulikagua kila gari, na kila mgeni kikundini hukaa naye kwanza siku kadhaa kabla ya kuachiwa gari peke yake. Aliyeungua, ndugu zetu, ndiye anayejua moto uko wapi. Kumfukuza kungekuwa kuitupa ile karo ya miezi mitano.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kazi yenu, iwe kuku, mboga au ushonaji, ni jambo gani kila mtu anadhani mwenzake analijua?
2. Mwanachama akiharibu mali kwa kutojua, kikundi kifanye nini? Je, katiba yenu inasema lolote?
3. Nani katika eneo lenu anaijua kazi yenu kuliko ninyi, na mtamwendea lini?