Jua la Maskati na bili ya mfanyabiashara mdogo



Leo tunaelekea Omani, katika mji wa Maskati, ambako Kiswahili husikika madukani Ruwi, mitaani Seeb na Al Khoudh, na majumbani mwa Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu za utawala mwaka 1970. Baadhi yao, pamoja na watoto wao, wameingia katika biashara ndogondogo: mikahawa ya pilau na mishkaki, maduka ya mikate, ushonaji na udobi. Biashara kama hizo hazikwepi gharama moja, nayo ni ya umeme, hasa wa viyoyozi na majokofu. Hivyo basi ni haki kwa mwenye biashara kuuliza: je, inafaa kuweka paneli za sola juu ya paa? Na je, ipo njia yoyote ya kusaidiwa kifedha?

Jawabu fupi ni kwamba njia zipo, na kwa baadhi ya biashara inafaa. Lakini mwenye kulitafuta jawabu hilo kwa kutazama juu kwenye jua atakosea njia. Jawabu limo ndani ya bili yake ya umeme.

Kwetu Afrika Mashariki, sola aghalabu hununuliwa kwa sababu umeme haupo au haukawii kukatika. Wakaazi wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, pale kisiwa kizima kilipoingia gizani kwa takriban mwezi mmoja, wala Disemba 2009, pale giza lilipodumu kwa karibu miezi mitatu kwa sababu ya hitilafu ya njia ya umeme utokao Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Aliyekuwa na jokofu la samaki siku zile hakuuliza uniti moja ya umeme ni bei gani. Aliuliza jenereta inapatikana wapi. Katika hali hiyo kila paneli ina thamani kubwa, kwa kuwa inashindana na giza au na mafuta ya jenereta.

Maskati mambo ni kinyume chake. Umeme wa gridi upo mchana na usiku, na kwa miaka mingi umeuzwa kwa bei ya chini mno kwa sababu serikali ilikuwa ikilipa sehemu kubwa ya gharama. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2021, nyumba ya kuishi ililipa baisa 10 tu kwa kila uniti katika uniti 3000 za mwanzo za mwezi, na biashara ya kawaida ililipa baisa 20. Baisa, neno ambalo sikio la Mswahili hulihisi mara moja kuwa ni ndugu wa pesa, ni sehemu moja ya elfu ya riali, na riali moja ya Omani ni takriban dola 2.60 za Kimarekani. Kwa hiyo baisa 20 ni kama senti tano za dola. Paneli inayowekwa Maskati haishindani na giza. Inashindana na ruzuku.

Tufanye hesabu kidogo, wasikilizaji. Tuchukulie mfano wa mtambo wa kilowati 10, ambao huhitaji paa la kiasi cha mita 50 hadi 60 za mraba. Kwa jua la Maskati, tukadirie kwamba kila kilowati ya paneli inazalisha uniti 1600 kwa mwaka, yaani jumla ya uniti 16,000. Tuchukulie pia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mtambo huo pamoja na kazi ya fundi umegharimu riali 4000. Ikiwa kila uniti unayozalisha inakuokolea baisa 10, utaokoa riali 160 kwa mwaka, na fedha zako zitarudi baada ya miaka 25, ambayo ni karibu umri wote wa dhamana ambayo watengenezaji wengi hutoa kwa paneli. Ikiwa ni baisa 20, zitarudi baada ya miaka 12 na nusu. Ikiwa ni baisa 30, ni miaka minane na miezi michache. Jua ni lile lile, paneli ni zile zile, na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni bei iliyoandikwa kwenye bili.

Ndiyo maana hatua iliyobadilisha hesabu hii haikuwa zawadi ya kununulia paneli. Mnamo Januari 2017 Omani ilianza kuwatoza wateja wakubwa wa serikali, viwanda na biashara, wale wanaotumia zaidi ya uniti 150,000 kwa mwaka, bei inayolingana na gharama halisi ya umeme, bei inayopanda na kushuka kwa saa na kwa msimu. Baadaye kiwango hicho kikateremshwa hadi uniti 100,000. Kisha Januari 2021 ukaanza mpango wa kuiondoa ruzuku hatua kwa hatua kwa wateja wengine pia. Mwanzoni ulikusudiwa kumalizika kwa miaka mitano, halafu muda ukarefushwa hadi miaka kumi ili kupunguza uzito wa mzigo kwa wananchi. Kwa mwenye mkahawa, kupanda kwa bei ni habari ya kusikitisha. Kwa mwenye mkahawa aliyekwisha kuweka paneli, habari hiyo hiyo ina sura nyingine.

Tuje sasa kwenye mpango wenyewe. Mwezi Mei 2017 mamlaka ya kusimamia umeme ya Omani ilizindua mpango uitwao Sahim, neno la Kiarabu lenye maana ya changia. Mpango huo ulimruhusu mwenye nyumba au biashara kuweka paneli juu ya paa lake, kuziunganisha na gridi, kutumia umeme wake mwenyewe kwanza, na kuiuzia ziada kampuni ya usambazaji. Tangu mwaka 2020 usimamizi wa sekta hiyo umo mikononi mwa Mamlaka ya Kusimamia Huduma za Umma. Mwombaji hupitia kwa mkandarasi aliyesajiliwa, maombi hupelekwa kwa kampuni ya usambazaji, mtambo hukaguliwa, kisha hufungwa mita inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka.

Kuna mambo mawili ambayo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuyaelewa vyema kuhusu Sahim. La kwanza, mpango huo ulipoanza haukutoa ruzuku ya kununulia vifaa. Gharama zote ni za mwenyewe. Awamu ya pili ilikusudiwa kulitatua tatizo hilo kwa kuwaleta wawekezaji binafsi wagharimie paneli juu ya mapaa ya nyumba za kuishi, wala si ya maduka. La pili, ziada haiuzwi kwa bei ya reja reja uliyoizoea. Hununuliwa kwa bei ya jumla, ile ambayo kampuni za usambazaji zenyewe hununulia umeme, nayo hupanda katika saa na miezi ambayo mahitaji ni makubwa.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Maduka mengi ya Maskati hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, kisha wateja hujaa usiku. Paneli nazo huzalisha kwa wingi saa zile zile ambazo mlango umefungwa. Dobi anayefua na kupiga pasi mchana, au mwenye majokofu ya samaki yanayonguruma saa 24, atautumia umeme wake mwenyewe. Mwenye mkahawa wa usiku atakuwa anauza mchana kwa bei moja na kununua usiku kwa bei nyingine. Kabla ya kutia saini, basi, na aiulize kampuni ya usambazaji bei hizo mbili ni zipi kwa mwaka huu, na malipo ya ziada huwekwa vipi kwenye hesabu yake.

Na joto nalo lisisahauliwe. Wengi hudhani kwamba kadiri joto linavyozidi ndivyo paneli inavyotoa umeme zaidi, na sivyo ilivyo. Paneli hutaka mwanga. Joto huipunguzia nguvu. Hupimwa kiwandani katika nyuzi 25 za Sentigredi, na kila nyuzi inayozidi huipunguzia takriban asilimia 0.3 hadi 0.5 ya nguvu zake. Paneli iliyofikia nyuzi 65 juu ya paa la zege huwa imepoteza kati ya asilimia 12 na 20. Tukumbuke kwamba Quriyat, katika mkoa huu huu wa Maskati, mwezi Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, usiku na mchana. Tukiongeza vumbi linalohitaji kufutwa mara kwa mara, na upepo wa vimbunga kama Gonu cha mwaka 2007 na Shaheen cha mwaka 2021, tutaona kwamba ahadi ya muuzaji ni lazima iulizwe maswali: je, hesabu yako imetia ndani joto na vumbi? Je, vyuma hivi vitastahimili dhoruba? Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika dukani, ina dhamana ya miaka mingapi? Kwa kawaida inveta huchakaa mapema kuliko paneli, na gharama ya kuibadilisha iingizwe katika hesabu tangu mwanzo.

Lipo hata hivyo jambo la nafuu. Kwa kuwa gridi ya Maskati ni ya kutegemewa, betri si lazima, na betri ndiyo inayopandisha gharama kwa ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki. Aidha, paneli hulitia paa kivuli, na chumba kilicho chini yake hupata ahueni.

Fedha basi zitoke wapi? Kwa raia wa Omani anayeisimamia biashara yake mwenyewe, mlango wa kwanza kubisha ni Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Ndogo na za Kati, ile iliyoanza mwaka 2013 kwa jina la Riyada, pamoja na mikopo ambayo awali ilitolewa na Mfuko wa Al Raffd. Mlango wa pili ni benki. Tangu mwaka 2013 Omani ina huduma za benki za Kiislamu, na kwa anayejiepusha na riba vipo vifaa vya sharia kama murabaha, ambapo benki hununua mtambo na kumuuzia mteja kwa faida iliyo wazi na kwa awamu, au ijara, ambapo mtambo hukodishwa. Mlango wa tatu ni mkataba ambao mkandarasi hugharimia mtambo na mteja humlipa kwa kila uniti. Wakenya wanaijua roho ya jambo hili kupitia M-KOPA, iliyoanza mwaka 2012, ambako mteja hulipa kidogo kidogo kila siku kwa simu. Tofauti ni kwamba Maskati bei ya mkandarasi ni lazima iwe chini ya bei ya gridi, na gridi hiyo bado ni rahisi.

Mpangaji naye asisahau kwamba paa si lake. Mtambo hudumu robo karne, ilhali mkataba wa pango huweza kuwa wa miaka michache tu. Bila ya makubaliano ya maandishi na mwenye jengo kuhusu nani atazimiliki paneli siku ya kuhama, akiba ya mpangaji itabaki juu ya dari ya mtu mwingine.

Serikali yenyewe imekwisha kuchagua njia ya jua. Mtambo wa Ibri wa megawati 500 ulifunguliwa Januari 2022, na mitambo miwili ya Manah, kila mmoja wa megawati 500, iliingia kazini mwaka 2025. Lakini mtambo mkubwa jangwani una mnunuzi wa uhakika na mkataba wa miaka mingi. Mwenye duka la mikate ana akiba yake tu, aliyoikusanya riali kwa riali, na makosa yake hayana wa kuyafidia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mwenye biashara na azitoe bili zake za miezi 12, azitandaze mezani, atazame ametumia uniti ngapi, katika saa zipi, na kwa bei gani. Huenda akagundua kwamba kusafisha viyoyozi, kuziba nyufa za milango na kubadilisha taa kutamwokolea zaidi mwaka huu, kwa gharama ndogo, kuliko paneli yoyote. Huenda pia akagundua kwamba bili yake imekwisha kuvuka mpaka ambapo jua ni rahisi kuliko gridi, na hapo asisite kumwita mkandarasi. Ruzuku ikiendelea kupungua, wengi zaidi wataufikia mpaka huo, na atakayekuwa na daftari ndiye atakayeijua siku yake.