NYUMBA YA MSONGE NA HESABU YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Sisi si mwashi wala seremala. Kazi yetu ni kalamu na daftari. Walakini mtu wa daftari ana faida moja, ya kuwa hesabu humlazimisha kusema kweli hata asipopenda. Basi tumekuja na hesabu ya nyumba, na neno letu ni hili: nyumba ya duara tuliiacha kwa kuona aibu, wala hatukuiacha kwa kupima.

Yatupasa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipoanza kupokea mshahara tulikwenda likizo nyumbani kwetu, mkoa wa Shinyanga, tukamkuta mzee wetu katika msonge wake: ukuta wa miti na udongo, unene wake shubiri moja, na paa la nyasi lenye kilele. Tuliona vibaya kumtazama baba wa karani akiinama mlangoni. Tukamsihi aubomoe. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba hii haijaniudhi." Hatukumsikia. Tulikopa fedha, tukajenga nyumba ya pembe nne, matofali ya kuchoma na paa la bati, na fedha zikaisha kabla ya kutia dari. Mchana wa mwezi wa Oktoba bati lilichoma hata mtu asiweze kukaa ndani. Usiku ubaridi ulishuka upesi. Na mvua iliponyesha watu wawili walioketi pamoja hawakusikilizana. Mzee akahamia jikoni, kibanda cha udongo na nyasi, akalala humo mpaka alipofariki. Mkopo tuliulipa kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo yote nyumba ile ilikuwa ghala ya mahindi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwalimu wetu katika shule ya misheni alitupeleka uwanjani na vigingi na kamba, nasi tulilisahau somo lile mara tulipomaliza mtihani. Chukueni kamba ya mita 24, ndiyo urefu wa ukuta wote wa nje. Mkiizungusha kwa mstatili wa mita 9 kwa mita 3, mtapata ndani mita za mraba 27. Mkifanya mraba wa mita 6 kila upande, mtapata 36. Mkiifanya duara, mtapata karibu 46. Ukuta ni ule ule, nafasi imezidi. Na ukuta ndio matofali, ndio maji ya kuchota, ndio ujira wa fundi. Tena jua hupiga ukuta wa nje. Kwa nafasi ile ile ya ndani, nyumba yenye ukuta mchache hupokea joto kidogo zaidi, nao upepo wa tufani haukuti ubapa mpana wa kusukuma.

Ama habari ya joto lenyewe, sababu zake si fumbo. Bati ni jembamba. Jua likilipiga hupata moto papo hapo na kuutupa chini kwa waliomo. Nyasi zina hewa iliyonaswa katikati ya majani, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Udongo mnene hupokea joto polepole mchana kutwa, ukalitoa polepole usiku. Na hewa ya moto hupanda kileleni, juu ya vichwa vya watu.

Msidhani twasema kwamba wazee wetu wote walijenga duara, au kwamba mwacha asili ni mtumwa na maneno yamekwisha. Wagogo walijenga tembe za pembe nne zenye paa la udongo, kwa kuwa nchi yao ina mvua haba. Wahaya, wenye mvua nyingi, walijenga msonge ulioezekwa nyasi toka kileleni mpaka chini. Watu wa pwani walijenga nyumba za mstatili na kuziezeka makuti. Yeyote aendaye Dar es Salaam na apite Kijiji cha Makumbusho, atazikuta nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa mahali pamoja. Kila mtu aliitazama nchi yake kwanza, kisha akajenga. Sisi tulitazama nyumba ya jirani.

Haki yatutaka tutaje na ila zake. Kitanda na kabati havikai vema penye ukuta uliopinda. Kuongeza chumba ni taabu. Bati likikatwa kwa paa la duara vipande vingi hupotea. Nyasi huoza, hushika moto upesi, na hutaka kuezekwa upya. Tena siku hizi ni shida kuzipata. Kwetu Shinyanga miti na majani vilipungua sana hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na watu wakarudia desturi ya ngitiri, kuhifadhi eneo lisichungwe ili majani na miti viote. Mwenye ngitiri aweza kupata nyasi za kuezekea. Asiye nayo hatazipata kwa kutamani.

Kwa hiyo twapendekeza njia ya katikati, nayo ni nyumba ya pembe nane. Kamba ile ile ya mita 24, ikigawanywa pande nane za mita 3, hutoa mita za mraba 43 na zaidi. Kila upande umenyoka: mlango na dirisha hukaa sawa, kitanda huegemea ukuta, na seremala hukata boriti zake kwa kipimo kimoja. Paa likiwa la bati, litiwe dari na kupakwa rangi nyeupe ili lirudishe mwanga wa jua. Msingi uwe wa mawe, na upenu utoke nje vya kutosha, maana adui wa ukuta wa udongo ni maji.

Na matofali si lazima yachomwe. Tanuru hula kuni, nasi tumekwisha taja hali ya miti. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, huko Bogotá, nchi ya Kolombia, alibuni mashine ya mkono ya kushindilia udongo, iitwayo CINVA-Ram, nayo imeenea nchi nyingi. Udongo wenye mchanga wa kutosha huchanganywa na saruji kidogo, kama sehemu moja kwa kumi au zaidi za udongo, hushindiliwa, kisha tofali huwekwa kivulini na kunyunyiziwa maji mpaka likomae. Halihitaji hata ukuni mmoja.

Bwana Mwenyekiti, wamo humu wenzetu wanaokaribia kustaafu, na wengine nyumba zao zimesimama kwenye kimo cha madirisha, fedha zimekwisha na makato ya mshahara yanaendelea. Kwa ajili yao twaleta maombi mawili. La kwanza, mwanachama yeyote kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo wa kujenga, alete ramani yake kwa halmashauri ya tawi, ipimwe kwa kamba na kwa bei. La pili, chumba cha ofisi tunachokusudia kujenga kiwe cha pembe nane, cha udongo ulioshindiliwa, na daftari la gharama liwekwe wazi. Kisha tutundike kipimajoto humo, na kingine katika chumba hiki tulimo, tuvisome saa nane mchana kwa mwezi mzima. Hesabu ikitukataa, tutasimama hapa tena na kusema kwamba tulikosea.

Mzee wetu hakupata nafasi ya kuulizwa. Twaomba ninyi muwaulize wa kwenu wakiwa hai, kabla ya kununua bati.