Mzazi na Masomo ya Mtoto Wake

Leo nataka kusema nanyi juu ya msaada wa mzazi katika masomo ya mtoto wake. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, lakini neno hili sikujifunza chuoni. Nilifundishwa na mkulima mmoja asiyejua kusoma.

Miaka ile nilikuwa nikifundisha darasa la tatu. Palikuwa na mtoto ambaye kila siku ya gulio hakuonekana, na kesho yake hesabu zilimshinda. Nikamkemea mbele ya wenziwe, nikamwita mvivu. Yeye akanyamaza. Hata siku moja nikafunga safari kwenda kwao. Babaye akanikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, mimi ndimi nimtumaye kuuza ndizi. Nilidhani siku moja si kitu. Lakini wewe nawe, mwaka mzima hukuja kuniuliza.” Neno lile lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kosa lisilo lake.

Tukaketi mkekani, tukahesabu. Juma lina siku tano za masomo. Mtoto akosaye siku moja kila juma, katika miaka mitano amepoteza mwaka mzima wa shule. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba tangu hapo ndizi zitapelekwa na mtu mwingine.

Wala hakuishia hapo. Kila jioni, mama alipokuwa akipika, mtoto alisoma kitabu chake kwa sauti. Akimaliza, babaye humwuliza, “Maana yake nini? Nieleze na mimi.” Tena humpa hesabu za biashara: chane 8 za ndizi, kila moja shilingi 500, jumla yake ngapi? Mzee alilijua jibu kichwani, ijapokuwa hakuweza kuliandika. Mtoto yule hakuwa wa kwanza darasani, lakini hesabu hazikumtisha tena, nami sikumwita mvivu tena.

Wako wasemao, “Huku Tanzania Bara ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na mwaka 2016 nafuu hiyo ikafika hata kidato cha nne. Basi kazi iliyobaki ni ya Serikali na walimu.” Nafuu hiyo ni kubwa, lakini ada haikuwa kazi yote ya mzazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi ahudhuria masomo mpaka amalize. Na hata pasipo sheria, mwalimu hana njia ya kumfundisha mtoto asiyekuwapo.

Basi nawaomba mambo manne. Kwanza, mtoto asikose shule kwa ajili ya shamba, mifugo wala gulio. Pili, kila jioni mwulizeni amejifunza nini, mkamsikilize asomapo, hata kama ninyi hamsomi. Tatu, wagawieni watoto kazi za nyumbani kwa haki. Binti aliyeteka maji tangu alfajiri husinzia darasani, na huku kaka yake amelala mpaka jua litoke. Nne, njoni shuleni kabla hamjaitwa. Ombeni kuona madaftari, mwulizeni mwalimu mtoto aendeleaje, na kikao cha wazazi kikiitishwa, msikikose.

Nanyi walimu wenzangu, msingoje mzazi aje peke yake. Kabla hujamwadhibu mtoto achelewaye, ijue kwanza njia aliyopitia asubuhi hiyo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mimi naongeza kwamba mikono miwili humkunja vema kuliko mmoja: mkono wa mwalimu na mkono wa mzazi. Jioni hii, baada ya chakula, mwambieni mtoto alete kitabu chake.